Vitu Vizito vya Chumba cha Juu

Mwezi uliopita nilikwenda na mume wangu kwenye duka moja la vitu vya kale, ndani kabisa ya vichochoro vya Hurumzi, katika mji mkongwe, kutafuta kabati la chumba cha binti yetu. Ameshafika umri wa kutaka mlango wake mwenyewe wa kuufunga. Mume wangu alikuwa na fikra ya kitu cha kisasa, kinachokuja ndani ya boksi na kufungwa kwa hesi na bisibisi pale pale nyumbani kwetu Mbweni, na mimi ndiye niliyemvuta mjini. Mwenye duka akafungua kabati moja la mbao za msaji kutuonyesha rafu zake, na harufu ya karafuu maiti ikanipiga usoni. Nikakaa kitako juu ya kasha lililokuwa karibu. Mwenye duka alidhani ni joto, akaniletea maji. Mume wangu akaniuliza nina nini, nikamwambia aniache kidogo, nshakuwa mtoto.

Nyinyi mliokulia mjini wakati mmoja na mimi mtakumbuka nyumba zilivyokuwa zikibadilika. Mwezi huu mlango wa jirani una kanga zilizoanikwa juu yake, mwezi ujao una kibao cha hoteli kilichoandikwa kwa rangi tatu na mgeni mwenye begi mgongoni anaulizia maji ya moto. Watu walikuwa wanahama, na vitu vyao vikitolewa nje: vitanda, makabati, vioo vikubwa vilivyokuwa vimewaona bibi zao. Vilikuwa vikisimama barazani kama watu wasiojua waende wapi. Wakati huo ndio shangazi yangu, Bi Zuhura, alipoamua kunitengenezea chumba.

Mama yangu alifariki tulipokuwa tukikaa Amani, karibu na uwanja wa mpira, ambako jioni kelele za watu zilikuwa zikiingia dirishani kama upepo. Nilikuwa nimeanza shule tu. Walinishika mkono wakanipitisha baina ya wanawake waliokaa, wakanifunulia uso wake nimuage, na kilichonibakia ni ile harufu, kali na baridi, iliyokuwa ikitoka ndani ya sanda. Niliuliza ni harufu ya nini. Mwanamke mmoja akaniambia karafuu maiti. Mimi karafuu nilikuwa nikizijua, zinaanikwa na watu wanazifurahia. Hiyo nyengine sikuijua.

Hitima ilipokwisha, baba akanipeleka Kiponda kwa dada yake. Baba alikuwa fundi wa mashine za boti na alikuwa amepata kazi Tanga. Aliniweka mlangoni na mfuko wangu wa nguo, akazungumza na shangazi kwa sauti ya chini, na viatu hakuvivua. Kabla ya kuondoka aliniinamia akaniambia akishapata pa kukaa atakuja kunichukua. Niliyashika maneno hayo kama mtoto anavyoshika chenji aliyoambiwa asiiangushe njiani.

Shangazi alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mwendo wa haraka, maneno machache. Alikuwa ameolewa na kuachika, na mtoto hakujaaliwa. Alikuwa akishona nguo kwa cherehani katika chumba cha mbele cha chini, chenye dirisha la barabarani, na wateja wake walikuwa wakisimama dirishani hapo hapo kujaribu mikono ya magauni. Nyumba ilikuwa ya marehemu babu, na babu aliwaachia wanawe wote watatu: mkubwa wao Ami Haroub, aliyekuwa na nyumba yake ndogo Jang'ombe, kisha shangazi, kisha baba yangu. Lakini aliyekaa ndani, akaipaka chokaa na kuziba mapaa yanapovuja, alikuwa ni shangazi peke yake.

Mwanzoni nililala chumbani kwake, kwenye kigodoro chembamba juu ya mkeka, na nililipenda jambo hilo. Kule Amani wageni wetu kutoka shamba walikuwa wakilazwa hivyo hivyo, na siku zao zikifika wanakunja mkeka, wanaaga, wanakwenda zao. Nikajitungia sheria yangu. Anayelala juu ya kitu chepesi ni mgeni, yuko njiani. Anayelala juu ya kitu kizito ni mwenyeji, haendi popote. Kila asubuhi nilikuwa nikikunja mkeka wangu mwenyewe kabla sijaambiwa, na shangazi akinisifu kwa watu kuwa mtoto huyu ana adabu. Hakujua kuwa nilikuwa nafanya mazoezi ya safari.

Alasiri moja akachukua funguo, akanipandisha juu kabisa, kwenye chumba cha nyuma kilichokuwa cha bibi. Kilikuwa kimefungwa tangu bibi alipofariki. Vitu vyake walishagawana, na ndani hamkuwa na kitu isipokuwa vumbi na manyoya ya njiwa. Dirisha lilikuwa linaangalia mapaa ya mabati na kipande cha mnara wa msikiti. Shangazi akasimama katikati, mikono kiunoni, akageuka pande zote.

"Hiki ni chako," akasema. "Sasa tukatafute vya kutia."

Nikamwambia sihitaji vitu, baba anakuja kunichukua. Alichukua ufagio akaanza kuangusha tandabui za kwenye boriti, na mimi nikadhani kwa kuwa hakunijibu, amekubali.

Kuanzia hapo, kila alipopata nafasi baada ya sala ya alasiri, alikuwa akivaa buibui, ananishika mkono na tunaingia mitaani kuchagua. Nimewaona watu wengi wakinunua vitu vya kale tangu siku hizo, na wengi hutazama nakshi kwanza. Shangazi nakshi alikuwa akizitazama mwisho. Kwanza alikuwa akikisukuma kitu kwa nyonga, kwa nguvu, na kikitikisika tu anaondoka bila ya kuuliza bei. Alisema mtoto atapanda juu ya kila kitu, na kabati litakalomwangukia mtoto si kabati, ni adui. Kisha hupitisha kiganja kwenye pembe zote kutafuta vibanzi. Kisha huinama chini kutazama kama kuna unga wa mbao, maana ukiuona unga mdogo mdogo sakafuni ujue vidudu wamo ndani wanakula, na uzuri wote wa juu ni ganda. Rangi ikiwa inachubuka huikwangua kwa ukucha, akikuta chini yake rangi nyengine na nyengine, anauliza kwa nini imefichwa hivyo. Mwisho kabisa ananiambia mimi nifungue, nifunge, nikae, nilale. Nikimaliza ananiuliza naonaje.

Nami kila mara nilikuwa nikisema sikitaki.

Nilikuwa nimeona dukani Darajani kitanda cha kukunja cha turubai, cha kubebwa kwa mkono mmoja, na nilimwambia hicho ndicho nnachokitaka, pamoja na sanduku la bati la kutia nguo. Shangazi akaniuliza kwani mimi askari. Nikamwambia hapana. Basi akasema tuendelee.

Meza ya kusomea tuliipata kwanza. Tulizikataa nyingi kwa sababu ya droo, ambazo shangazi, kama wazee wote wa mjini, alikuwa akiziita mtoto wa meza. Mimi neno hilo lilinishughulisha sana. Nilidhani meza nayo ina mtoto kweli, anayetolewa na kurudishwa, na ilinitia uchungu kila tulipokuta meza ambayo mtoto wake amekwama hatoki, au ametoka hataki kurudi. Kwenye duka moja nilivuta nikavuta, droo ikagoma, nikamwambia shangazi kwa sauti ya kutaka kulia kuwa mtoto huyu mbaya, ndiyo maana meza haimtaki. Muuza duka alicheka. Shangazi hakucheka. Alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Mtoto wa meza akikwama, kasoro ni ya meza," akaniambia. "Mtoto hana kosa."

Nilidhani anazungumzia meza tu. Tuliyoichukua siku ile ilikuwa ya mninga, miguu minene kama ya tembo, na droo yake ikiteleza kwa kidole.

Kabati lilikuwa la Bi mmoja wa Kihindi, mjane, aliyekuwa anawahamia wanawe Dar es Salaam. Ndani ya mlango wa kabati lile mlikuwa na mistari ya penseli, mmoja juu ya mwengine, alama za vimo vya watoto wake tangu walipoanza kusimama. Yule Bi aliipapasa mistari ile, akasema alitaka kuifuta kabla ya kuuza, mkono ukamkatalia. Shangazi akamwambia asifute. Akanigeukia mimi akasema kwa kuridhika, "Hili limeshakuza watoto. Kazi inalijua."

Kisha akaniambia nifungue upande wa pili, wa nguo. Nikafungua. Ikatoka ile harufu ya sanda.

Sikupiga kelele. Nilikimbia. Niliteremka ngazi, nikakata vichochoro bila ya kujua niendako, mpaka wakanikuta nimejibanza nyuma ya mlango wa kisima cha msikiti, nimefumba macho na pua nimeibana. Nilikuwa na hakika kuwa mama yumo ndani ya lile kabati, na kwamba shangazi amekwenda kumnunua pamoja nalo. Shangazi aliponiuliza sikuweza kumweleza. Nilisema tu, karafuu maiti. Nikaona ameelewa, kwa sababu alivua buibui lake akanifunika nalo mgongoni na akanibeba mpaka nyumbani, mkubwa mimi, miguu inaning'inia, watu wanatazama.

Nilidhani kabati ndiyo basi. Kumbe shangazi hakuwa mtu wa kuacha alichokichagua. Wachukuzi walilipandisha moja kwa moja mpaka kwenye sakafu ya juu ya paa, na huko alilifungua milango yote akaliweka juani. Akalisugua kwa siki na ndimu, ndani na nje, akaliacha jua lilipige, akalisugua tena. Mimi nilikuwa nachungulia ngazini. Lilipokauka akaniita, akaniambia kabati hili halina harufu yoyote sasa, na mwenye kulitia harufu ni mimi. Akanitajia asumini, kilua, udi, chochote nitakacho. Nikafikiri, nikasema sabuni ya kufulia, ya mche, ile ya buluu. Mama alikuwa akinukia hiyo mikononi. Shangazi akaenda kununua mche mzima, akaukata vipande, akavifunga kwenye vitambaa na kuvitundika ndani. Mpaka leo fundi yeyote akilifungua lile kabati huuliza kwa nini linanuka dobi.

Kikabaki kitanda. Tulikuwa tumekwenda Jambiani kwenye arusi ya mtoto wa rafiki yake, na mchana, wanawake wakipumzika, shangazi alitoka uani kwa mwenyeji wetu kunawa mikono akakuta uchaga wa kuanikia mwani. Ulikuwa na rundo la mwani juu yake, unanuka bahari. Nikamwona ameinama, ananawa huku anatazama chini ya uchaga. Akausogeza mwani kwa mkono wa maji. Miguu ile ilikuwa matendegu ya kitanda cha zamani, yaliyochongwa mviringo kwa mviringo, na mbao za pembeni zilikuwa mifumbati yake. Chumvi ilikuwa imeitafuna rangi yote lakini mti wenyewe ulikuwa mzima, mgumu kama mfupa. Shangazi alisukuma kwa nyonga. Hakikutikisika.

Mwenyeji wetu, mama mtu mzima aliyelima mwani tangu kilimo hicho kuanza, alicheka akasema yeye mwenyewe alizaliwa juu ya kitanda hicho, na kwamba mwani haujali unalala wapi. Walikubaliana kuwa shangazi atamletea boriti mpya za uchaga, zilizo nzuri, na magauni mawili ya kushona. Upande mmoja wa kichwani ulikuwa bado ndani ya nyumba, umeegemezwa ukutani, na kwenye ubao wake mlikuwa na kioo kilichochorwa mawaridi mekundu. Shangazi alikifuta kwa kanga yake, akaniuliza naonaje. Mawaridi yale yalikuwa mazuri, na kwa kuwa yalikuwa mazuri niliogopa. Nikasema sikitaki.

Kitanda kililetwa vipande vipande, na fundi seremala akakiunga mle mle chumbani, maana ngazi za Kiponda hazipitishi kitu kipana. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikisikiliza. Fundi akauliza kama atie hesi za kufungua, ili siku ya kuhama kiwe rahisi kutoka. Shangazi akamwambia hapana, atie vigingi vya mbao na gundi, agonge visitoke tena. Nilisikia kila pigo la nyundo. Sheria yangu ilikuwa bado iko kichwani: meza nzito, kabati zito, na sasa kitanda kisichotoka mlangoni. Nikafahamu kwamba shangazi ananifunga. Baba akija, atapanda ngazi, atakuta nimeshakuwa mwenyeji, na atarudi peke yake.

Basi nikakata shauri langu. Usiku huo na siku zilizofuata sikulala juu ya kile kitanda. Nilitandika mkeka wangu chini, pembeni yake, mfuko wangu wa nguo nikaufanya mto, na kila kitu changu nikakirudisha ndani ya mfuko huo. Nilitegemea kupigwa. Shangazi hakunipiga wala hakunisema. Kila baada ya isha alikuwa akipanda, anatandika shuka kitandani, anafunga chandarua vizuri kwenye nguzo, anayafuta mawaridi. Kisha ananitazama mimi nilivyolala chini na kuniambia kwa sauti ile ile ya kawaida, kitanda chako kiko hapo. Anateremka. Asubuhi anapanda, anakunja shuka ambayo hakuna aliyeilalia. Hakuna kati yetu aliyekuwa tayari kushindwa, na sasa nikifikiri, huko ndiko nilikoanza kufanana naye.

Ami Haroub alikuja siku moja wakati wa chai ya jioni. Nikampa shikamoo, akaniitikia, akanipa kipande cha halua, na shangazi akaniambia nikacheze juu. Sikwenda juu. Nilikaa kwenye kona ya ngazi. Ami alikuwa amepata mtu wa hoteli ya jirani anayetaka kukodi vyumba vya juu vya nyumba yetu kwa ajili ya wageni, na alitaka kuanza na kile cha nyuma, chenye hewa. Shangazi akamwambia chumba kile kina mwenyewe. Ami akasema, bila ya ukali, kuwa mtoto ana baba yake, na baba yake ana haki na wajibu wa kumchukua.

Nikaona leo kuna mtu wa upande wangu. Nikasogea ngazi moja chini nisikie vizuri.

"Kashasema hamchukui," shangazi akajibu. "Kaoa huko, na mkewe hataki mtoto wa mtu. Aliniambia siku ile ile aliyomleta, pale mlangoni, kuwa anakwenda kuoa na mtoto hamchukui."

Halua ilikuwa bado mdomoni mwangu. Nakumbuka niliitafuna polepole mpaka ikaisha, kwa sababu sikujua jambo jengine la kufanya. Nilipanda juu. Nilikaa juu ya mkeka wangu, nikautazama mfuko wa nguo, na nilichokiona ni kwamba shangazi alilijua jambo lile muda wote. Alilijua nilipokuwa nikikunja mkeka asubuhi. Alilijua nilipomwambia baba anakuja, naye akachukua ufagio. Hakunidanganya, na hakumtia baba yangu kasoro mbele yangu hata kwa neno moja. Sikulia siku ile. Nililia baadaye, vipande vipande, kwa mambo mengine.

Jumamosi iliyofuata shangazi alikwenda sokoni Darajani asubuhi, mimi nimebaki nyumbani. Ami akaja na wachukuzi wawili. Aliniambia kwa upole kuwa wanateremsha vitu chini ili chumba kipakwe rangi. Nilijua kuwa hasemi kweli kwa jinsi alivyokuwa hanitazami. Walianza na meza. Niliisikia ikigonga kila ngazi. Wakalivuta kabati mpaka mlangoni, likakwama kwenye kizingiti, wakalirudisha nyuma kwa kuhema na kuamua waanze kwanza na kitanda. Mmoja wao, mzee kidogo, akatoa nyundo akaanza kugonga vigingi ili avitoe.

Pigo la kwanza nilisimama tu. La pili likanifanya niende. Nilipita chini ya mkono wake, nikainua chandarua, nikapanda katikati ya kitanda kile ambacho mgongo wangu haujawahi kukigusa, nikakaa nimekunja miguu. Kilikuwa kirefu kutoka chini kuliko nilivyodhani.

Ami akaniambia nishuke. Nikamwambia sishuki.

"Mwanangu, hakuna kitu chako kitakachopotea," akasema. "Baba yako akija atakuta kila kitu kipo chini."

"Baba haji, Ami. Mimi nnakaa hapa."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka. Ami akanitazama, safari hii usoni. Akamwashiria mchukuzi aendelee, akiwa hana uhakika, na yule mzee akaweka nyundo chini. Alisema wao hawawezi. Kitanda kinachobebwa na mtu juu yake kinajulikana kinakokwenda, na yeye hambebi mtoto aliye hai namna hiyo. Akakusanya kamba yake, akateremka, na mwenzake akamfuata.

Ami akakaa kwenye ngazi ya juu, akajifuta jasho kwa kofia. Nilikuwa nimeshamfanya adui moyoni, lakini alipozungumza alizungumza kama mtu aliyechoka. Aliniambia wanawe wanalala chumba kimoja wote, wa kike na wa kiume, na mvua ikinyesha wanahamisha magodoro kukwepa matone. Alitaka kodi ya chumba hiki awaezekee. Nilibaki pale pale nilipokaa.

Shangazi aliporudi alikuta meza chini ya ngazi, mguu mmoja umechubuka. Alipanda na kikapu chake mkononi. Akamtazama kaka yake, akanitazama mimi nilivyokaa juu ya kitanda, na kwa muda mfupi uso wake ulilainika kwa namna ambayo sikuiona tena mpaka siku ya arusi yangu. Kisha akamwambia Ami kwa sauti ya kawaida airudishe meza mahali pake, halafu watazungumza.

Walizungumza mpaka adhuhuri. Mwisho wake shangazi aliacha chumba chake cha mbele, cha chini, chenye dirisha la barabarani na wateja wake wote. Kikakodishwa kwa mtu wa kuuza picha na vinyago kwa wageni, na kodi ikawa ya Ami kwa ajili ya paa lake. Cherehani ikapandishwa juu, ikawekwa dirishani kwangu. Wateja wengine walikataa kupanda ngazi zile zote, wakahama. Aliobaki nao aliwashonea vizuri zaidi. Mimi nilijifunza kusoma kwa mlio wa cherehani ile, nikiwa kwenye meza yangu yenye mguu uliochubuka, na mtu akiniuliza leo kwa nini siwezi kufanya kazi penye kimya, sababu ni hiyo.

Jioni ya siku ile alipanda kama kawaida. Alitandika, akafunga chandarua, akafuta mawaridi. Nilikuwa nimeshapanda. Nilitegemea aseme neno. Alichukua mkeka wangu uliokuwa chini, akaukunja, akauweka juu ya kabati, akateremka. Mbao zile zilikuwa bado zinanuka mwani, hasa ukiegemea pua, na nililala mpaka jua likaingia.

Baba alikuja Sikukuu moja, nilipokuwa nimeshakuwa mkubwa kiasi cha kumpikia chai. Aliniletea gauni lililonibana kwapani. Akaomba kukiona chumba changu, nikampandisha. Alishika nguzo ya kitanda, akatazama kabati, meza, cherehani, akasema dada yake huyu akishaamua jambo. Hakumaliza. Hakutaja kunichukua, na mimi nilijitafuta ndani kama kuna mahali ninapotaka alitaje, nikakuta hapapo. Nilimpa mkono, nikambusu, nikamsindikiza mpaka kwenye kona.

Nilipoolewa, shangazi alikuwa ameshaanza kuvaa miwani. Wiki ya arusi alikuwa ananimalizia nguo zangu mwenyewe, amekaa dirishani kwenye cherehani, na mimi nimelala chali juu ya kitanda namtazama. Nikamwambia ningependa vitu vile nihame navyo. Akasema haviendi popote.

"Nikirudi nitavikuta?"

"Ukirudi kwa heri, utalala hapo. Ukirudi kwa shari, utalala hapo hapo. Wewe nenda tu."

Kisha nikamwuliza lile ambalo sikuwahi kumwuliza miaka yote, kwa nini alimchagulia mtoto mdogo kama mimi vitu vizito namna ile, wakati maduka yalikuwa yamejaa vyepesi, na nilimwomba mwenyewe. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, ameinua mikono kwenye mwangaza, jicho moja amelifumba. Hakugeuka.

"Nilijua watakuja kukutoa," akasema. "Nikasema basi, na wapate kazi."